Barua ya wazi kwa halmashauri za kando ya Ziwa Victoria: maji ya leo yaandikwe getini

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zote za Tanzania zinazopakana na Ziwa Victoria, kwa maafisa afya wa kata zenye fukwe, na kwa kila anayetia saini leseni ya sehemu ya kuogelea.

Ndugu viongozi,

Siku ya Idd, Krismasi au Nanenane, mzazi wa Mwanza, Musoma au Bukoba anayetaka kuwapeleka watoto kuogelea hulipa kiingilio kimoja getini. Akishaingia anakuta maji mawili: bwawa la vigae hapa, na ziwa hatua chache mbele yake. Watoto wanatoka huku wanaingia kule mchana kutwa. Bei ya chipsi na soda imeandikwa ubaoni. Hali ya maji watakayojitosa wanawe haijaandikwa popote, na akiuliza anajibiwa kwamba maji ni safi.

Sisi ni walimu wa kuogelea, waokoaji na mafundi wa mabwawa. Ombi letu ni moja. Kila sehemu inayotoza kiingilio iwe na ubao getini, na kila siku kabla ya saa tatu asubuhi uandikwe vipimo vya bwawa na hali ya ziwa, pamoja na jina la aliyepima. Kipimo kikikataa, maji hayo yafungwe siku hiyo. Sharti hilo liingie kwenye leseni. Mengine yote tunayoyasema hapa ni maelezo ya kwa nini, na ya namna ya kupima.

Tuanze na bwawa, kwa kuwa ndilo watu wanaloliamini kuliko ziwa.

Kipimo cha kwanza ni macho. Simama ukingoni upande wa kina kirefu, kabla watu hawajaingia na maji yakiwa yametulia, utazame kifuniko cha tundu la kunyonyea maji kule chini sakafuni. Ukiweza kuhesabu nafasi za kifuniko hicho, maji yanaangaza. Ukiona kivuli tu, au usipoona kitu, funga bwawa, hata kama klorini iko sawa. Maji yaliyofifia kama yametiwa tone la maziwa huonekana ni jambo la urembo, lakini mtoto aliyezama chini ya maji hayo haonekani hata na mtu aliyesimama mita 2 kutoka alipo. Watu wataendelea kuruka na kucheza juu yake.

Kifuniko chenyewe kiwe kizima, kimefungwa kwa skrubu zake zote. Tundu lile limeunganishwa na pampu. Kifuniko kikivunjika au kikichomoka, mvuto wa maji unaweza kunasa nywele, mkono au tumbo la mtoto, na mtu mzima mwenye nguvu akashindwa kumbandua. Dawa yake ni kuzima pampu papo hapo. Kwa hiyo swichi ya kuzimia iwe karibu na bwawa, ipakwe rangi nyekundu, na kila mhudumu aijue. Ikiwa iko nyuma ya mlango wa stoo uliofungwa, na ufunguo anao fundi aliyekwenda nyumbani, haitamsaidia mtu. Bwawa jipya lisipewe kibali likiwa na tundu moja tu la kunyonyea. Yawe mawili, yameachana kwa mita 1 au zaidi, ili moja likizibwa na mwili wa mtu, jingine liendelee kupokea maji.

Klorini ipimwe kwa vifaa vya matone au vijiti vya kupimia. Pua haipimi. Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho hupanda asidi ikipungua, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Vipimo hivi viwili huenda pamoja, na hapo ndipo wahudumu wengi wanapokwama. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iliyomo inaua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8.0 inabaki karibu robo, na ikifika 8.5 ni sehemu 1 tu kati ya 10. Klorini ya unga inayouzwa madukani kwetu, ile ya kalsiamu, yenyewe hupandisha pH. Kwa hiyo mhudumu anaona maji yanageuka kijani, anamwaga unga, pH inapanda, klorini inakosa nguvu, maji yanazidi ukijani, naye anamwaga tena. Angeshusha pH kwanza, unga kidogo ungemtosha.

Harufu kali inayochoma macho imewapotosha watu miaka mingi. Mgeni akiisikia husema bwawa hili limetiwa dawa nyingi. Ukweli ni kinyume chake. Harufu ile hutokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, yaani klorini iliyochoka. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na watu waliooga kabla ya kuingia halina harufu kali. Ndiyo maana bafu la nje lenye sabuni, linalotoa maji kwelikweli, lina kazi kubwa kuliko gunia zima la dawa.

Hesabu ya dawa si siri ya fundi. Bwawa la mita 25 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 375, sawa na lita 375,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 375 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 unakuwa takribani gramu 580. Hesabu hiyo ipigwe kwa kila bwawa, ibandikwe stoo karibu na mzani, na unga upimwe kwa mzani. Tunaomba mkikagua mwulize mzani uko wapi. Mahali wanapopima kwa kopo la rangi, hakuna ajuaye ametia kiasi gani.

Jua nalo ni la kuhesabiwa. Jua la saa sita katika ukanda wetu linaweza kula nusu ya klorini isiyo na kinga kwa muda usiofika saa moja. Bwawa lililopimwa alfajiri likawa na 2 linaweza kuwa halina kitu watoto wanapojaa mchana. Kinga yake ni asidi ya sayanuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Vidonge vikubwa vya klorini vinavyoelea kwenye kikapu vina kinga hiyo ndani yake, na hapo pana mtego: klorini inakwisha lakini kinga haiondoki. Inajilundika mwezi baada ya mwezi, na ikipita 100 inaishika klorini isifanye kazi. Kipimo kinaonyesha klorini ipo, maji yanaota ukungu wa kijani. Hakuna dawa ya kuiondoa ila kumwaga sehemu ya maji na kutia mengine. Kwa sababu hizo bwawa la nje lipimwe asubuhi, saa saba mchana, na saa kumi. Siku za sikukuu lipimwe kila baada ya saa mbili.

Kuhusu usalama wa stoo tutasema machache. Unga utiwe kwenye maji, maji yasimwagiwe juu ya unga. Unga wa kalsiamu usikutane kamwe na vidonge vile vikubwa, hata kwa kijiko kimoja, kwa maana vinaweza kushika moto au kulipuka. Klorini ya aina yoyote ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Viwekwe vyumba tofauti, sakafu kavu, na kila kitu na kopo lake.

Mzunguko wa maji huwa haukaguliwi. Maji yote ya bwawa la watu wengi yanapaswa kupita kwenye filta ya mchanga ndani ya saa 4 hadi 6. Kwa bwawa la lita 375,000, mzunguko wa saa 6 unataka pampu ya lita 62,500 kwa saa. Pampu ndogo inayosukuma lita 20,000 itachukua karibu saa 19, na wenye bwawa wakiizima usiku kupunguza bili ya umeme, maji ya Jumamosi hayajasafika Jumapili. Umeme ukikatika na jenereta ikaachiwa friji za bia, waogeleaji watoke, kwa sababu dawa haisambai na uchafu hauchujwi. Geji ya filta isomwe kila asubuhi. Ikipanda nusu ya baa (baa ni kipimo cha msukumo wa maji) juu ya kiwango cha filta safi, mchanga umejaa, na uoshwe kwa kusukuma maji kinyumenyume mpaka kioo cha kutazamia kiwe cheupe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetusukuma kuandika kuliko yote: mabwawa yanayojazwa kwa maji ya ziwa.

Ni jambo la kawaida kabisa. Ziwa liko hapo, pampu ya mafuta ipo, na maji ya bomba yana bili. Mpira unatupwa ziwani jioni, bwawa linajaa usiku, asubuhi watoto wanaingia. Mzazi anayewakataza wanawe ziwa kwa kuogopa kichocho anawapeleka bwawani akiamini amewaepusha. Kumbe amewatia kwenye maji yale yale, tena pengine mabaya zaidi, kwa kuwa mpira umechota pembeni kwenye matete, mahali konokono wanapokaa.

Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimetanda kandokando ya ziwa letu, huzunguka hivi. Mayai hutoka na choo cha mtu mwenye ugonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kilichoanguliwa kinamtafuta konokono. Baada ya wiki 4 hadi 6 konokono huyo mmoja huanza kumwaga viluwiluwi vya kichocho kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Hizo ndizo saa ambazo watu huogelea. Viluwiluwi havionekani kwa macho, havina harufu, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Konokono mwenyewe ni mdogo. Ganda lake ni bapa, limejiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni, upana wake kama kifungo cha koti, rangi ya kahawia iliyopauka. Mtafute chini ya majani yaliyooza, kwenye mashina ya mafunjo na matete, na kwenye mizizi ya gugu maji linaposukumwa na upepo hadi ufukweni. Ufukwe wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi huwa na konokono wachache kuliko ghuba iliyotulia, lakini wachache si sifuri. Anayetaka kuingia ziwani aambiwe hivyo waziwazi, kisha aamue.

Kwa bwawa hakuna udhuru, kwa maana viluwiluwi hufa kwa urahisi. Haviishi zaidi ya siku 2 hivi visipopata mwili wa kuingia. Maji ya ziwa yakichujwa, yakalazwa siku 2 kamili kwenye tangi lisilo na konokono, au yakatiwa klorini na kubaki na miligramu 1 kwa lita kwa nusu saa, yamekwisha kuwa salama upande huo. Mdomo wa mpira uwe na wavu mwembamba na uwekwe mbali na majani, kwenye maji yenye kina. Tunaomba leseni iseme wazi: bwawa linalotumia maji ya ziwa lisiruhusiwe kufunguliwa bila tangi la kulaza maji au kumbukumbu ya kutiwa klorini kabla ya watu kuingia. Na ubao uandike maji yametoka wapi, bomba, kisima au ziwa. Neno hilo moja mzazi ana haki nalo.

Upande wa ziwa, choo ndicho kinga ya kwanza. Ufukwe unaopokea mamia ya watu Jumapili huku una matundu mawili ya choo, moja limejaa, unawatuma watu nyuma ya mawe, na mvua ikinyesha choo hicho kinaishia majini waogeleamo. Wahudumu na wavuvi wa mwalo wa jirani wapimwe na kupewa dawa, kwa kuwa hao ndio wanaoingia maji kila siku. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na haiui minyoo michanga. Kwa hiyo mgeni aliyeogelea leo apimwe choo baada ya wiki 6 hadi 8. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza ambacho kimeshughulika na kichocho kwa miaka mingi, na halmashauri zinaweza kuomba wataalamu wake wakague konokono kwenye fukwe zenye leseni. Wahudumu wasipewe kazi ya kuwaokota kwa mikono mitupu.

Halafu ukijani. Kwenye ghuba zilizotulia maji huweza kuota utando kama rangi ya mafuta ya kijani iliyomwagika. Baadhi ya vijidudu vyake hutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kipimo chake hakina gharama: vaa glavu, jaza chupa ya kioo robo tatu, ifunge, iache usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikipanda na kukaa juu kama krimu, funga ufukwe. Wakati wa mchana, ingia na buti hadi magoti. Kama maji ni ya kijani na huzioni buti zako, hakuna mtoto wa kuingia hapo.

Baada ya mvua kubwa, ufukwe ulio karibu na mdomo wa mto au mfereji wa mji, kama pale Mto Mirongo unapoingia ziwani Mwanza, ufungwe siku 2. Mara moja kwa wiki ichukuliwe sampuli kwa maabara. Chukua mahali maji yanapofika kiunoni, sentimita 30 chini ya uso wa maji, kwa chupa iliyotakaswa, ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaziweka kwenye daraja la mwisho fukwe ambazo vipimo vyake vya enterokoka, bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini, vinapita 500 kwa mililita 100. Kwenye maji kama hayo, zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wanaoogelea huenda akaugua tumbo. Matokeo yabandikwe yalivyo.

Kina cha ziwa kimebadilika, na alama nyingi hazijabadilika. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kwenye rekodi ya mwaka 1964, na Mei 2024 likapita hapo. Kuta, ngazi, visiki, mashimo ya choo na nguzo zenye nondo zilizokuwa nchi kavu zikaingia majini. Maji yakipanda au kushuka nusu mita, kamba ya maboya iliyofungwa zamani haionyeshi tena mahali mtu mfupi anapoacha kugusa chini. Kila Jumatatu mhudumu atembee na mti uliotiwa alama kila sentimita 10, apime kila baada ya mita 2 kutoka ufukweni, kisha asogeze kamba. Mwanza ina mawe hata chini ya maji, kwa hiyo kuruka kwa kichwa kupigwe marufuku mahali popote ambapo hapajapimwa.

Upepo wa usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Saa hizo ziwa linaonekana limelala kama kioo karibu na ufukwe, na ndipo mtoto aliyekaa kwenye tyubu ya gari anapochukuliwa polepole bila mtu kugutuka. Tyubu zifungwe kamba au zikatazwe kabla ya saa nne. Radi ikisikika, watu watoke kwenye maji yote, bwawa na ziwa, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uandikwe ubaoni kila asubuhi.

Sasa waokoaji. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwenye fukwe zetu methali hiyo imewafanya watu wasubiri kuona mikono ikipigapiga na kusikia kelele. Anayezama mara nyingi hana pumzi ya kupiga kelele. Mdomo unazama na kuibuka, kichwa kimelala nyuma, macho kama ya kioo, miguu haipigi. Haichukui hata dakika moja, naye anashuka kimya. Kwa hiyo mwokoaji anatakiwa aweze kukagua eneo lake lote kwa sekunde 10 na kumfikia mtu yeyote kwa sekunde 20. Kama hawezi, eneo ni kubwa mno, aongezwe mwenzake. Apokewe kila baada ya dakika 30, kwa maana macho huchoka. Na asipewe kazi nyingine. Anayekata tiketi, kuuza bia au kupanga viti huku akiambiwa aangalie maji, hayaangalii. Mwokoaji mmoja hawezi kulinda bwawa na ziwa kwa pamoja: akigeukia moja, jingine liko mgongoni kwake. Palipo na maji mawili wawepo waokoaji wawili, na mmoja akipungua, maji mamoja yafungwe.

Muziki upunguzwe kiasi cha filimbi kusikika ng'ambo ya bwawa. Aliyelewa asiingie majini, na hilo awe na nguvu ya kulisema mwokoaji, mwenye baa asimpinge.

Kifaa cha kuokolea hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Chukua dumu la lita 20 lenye mfuniko unaobana, tia maji lita 1 tu ndani ili lipate uzito wa kuruka, funga vizuri, fungia mpini kamba ya mita 15 inayoelea. Mtu mzima aliye majini anahitaji kusaidiwa kilo 5 hivi tu ili kichwa kikae juu, na dumu hilo linabeba mara tatu ya hapo na zaidi. Mtupie dumu lipite mbele yake, umvutie kamba mkononi. Madumu hayo yaning'inizwe kila mita 25 za ufukwe, yapakwe rangi, na mtu asiyachotee maji. Ndugu wengi hufa wawili kwa pamoja kwa sababu wa pili ameingia kumwokoa wa kwanza akiwa mikono mitupu.

Akitolewa na hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo kutoa maji. Hiyo inapoteza dakika chache alizobakiwa nazo ubongo, na matapishi yanaingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5. Asipoamka, mbonyeze kifua mara 30, mpulizie mara 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au wauguzi wafike. Akizinduka, bado apelekwe hospitali. Tunaomba kila mhudumu wa sehemu yenye leseni, hata mpishi, afundishwe hatua hizi na azifanye kwa vitendo mbele ya afisa afya kila mwaka.

Basi ubao wa siku moja ungesomeka hivi: "Jumapili. Bwawa: maji ya ziwa, yamelazwa siku 2. Klorini 2.0, pH 7.4, kifuniko cha chini kinaonekana. Ziwa: upepo wa nchi kavu, maji ya rangi ya kawaida, hakuna utando, kamba imewekwa kwenye mita 1.2. Kichocho: kipo ziwani, si salama kabisa. Waokoaji: 2." Chini yake jina la aliyepima na saa. Ni mistari sita ya chaki, na kuandika pamoja na kupima hakuchukui zaidi ya nusu saa.

Kuna jambo la watoto wasio na kiingilio, na hatuwezi kufunga barua bila kulitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo njia za kufika majini zimezidi kuzibwa kwa kuta na sengenge, na watoto wa mitaani kwetu wanaishia kwenye mawe na mialo isiyo na kamba, choo wala mtu wa kuwatazama. Kila halmashauri itenge ufukwe mmoja wa bure, wa mchanga, usio na matete, wenye choo, madumu ya kuokolea na mwokoaji anayelipwa, walau Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Na wenye mabwawa wapewe nafuu ya ushuru wakitoa asubuhi mbili kwa wiki kwa shule za msingi za jirani, mtoto ajifunze kuelea chali, kugeuka na kurudi ukingoni. Zitengwe pia saa za wanawake na wasichana peke yao, na mavazi ya kusitiri yaruhusiwe mradi ni ya kitambaa chepesi kisichofyonza maji. Wengi wao hawajui kuogelea kwa sababu tu hakuna saa wanayoweza kuingia majini kwa staha.

Mkilikubali ombi hili, mpeni kila afisa afya wa kata yenye ufukwe kifaa chake cha matone cha kupimia klorini na pH. Asitegemee daftari la mwenye bwawa. Aende bila taarifa, tena asiende Jumanne asubuhi ambapo kila bwawa ni la bluu. Aende Jumapili saa kumi alasiri, bwawa likiwa limejaa watoto na jua limekwisha kula dawa. Achote maji kutoka kina cha kiwiko cha mkono, apime palepale mbele ya wateja, kisha atoke hadi getini alinganishe na kilichoandikwa.

Ni sisi,
walimu wa kuogelea, waokoaji na mafundi wa mabwawa wa kanda ya ziwa